Kijiko Kimoja, Mahali Pamoja

Asubuhi niliyoondoka Mwenga sikumuaga mtu, kwa sababu hata mwenyewe sikujua kwamba naondoka. Niliamka kwenda kwenye shimo la dhahabu kama kila siku. Njiani nikakuta lori la mihogo limezimika, dereva anatafuta watu wa kulisukuma. Nikasukuma. Lilipowaka nikajikuta nimekaa juu ya magunia, miguu ina matope ya shimoni, na sikushuka mpaka Walungu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza naenda wapi. Jibu sikulipata, nikaendelea.

Nawaandikia ninyi mliobaki maabara, wenye diploma zenu ukutani. Siku ya kuagana mliniomba niandike mambo ya kazi, nikadhani mnataka yale ya kuchekesha. Machache yapo. Lakini kuna jambo moja ambalo sikuwaambia pale mbele ya soda na keki, na bila hilo mengine yote ni porojo. Litakuja mahali pake.

Shule niliacha darasa la tano. Mwalimu alihama, kijiji kikangoja mwingine, mimi sikungoja. Nilikuwa na ugonjwa mmoja tu: kitu kikifungwa, lazima nikifungue nione ndani. Nilifungua redio ya baba mdogo na haikusema tena hadi leo. Kutoka Walungu nilikwenda Katana, nikabeba vikapu vya sambaza, wale dagaa wa ziwani, ufukweni. Kutoka Katana nikaja Bukavu na mzigo wa chupa tupu zilizotakiwa na maabara fulani kilimani. Nilipozishusha nikamwona mzee mwenye koti jeupe lililochakaa viwiko ameinamia kisahani cha kioo kama mtu anayesoma barua ya mkopo.

"Papa, hiyo ni nini?" nikamwuliza.

"Ni majirani yako. Leta kidole."

Alishika kidole changu, akakigandamiza juu ya kitu laini kama ute mgumu ndani ya kisahani kingine, akakifunika. "Kuya kesho kutwa," akasema. "Kama bado uko Bukavu."

Sikuwa na sababu ya kubaki Bukavu. Nilibaki kwa sababu ya kidole. Siku ya tatu nilirudi, na pale nilipogusa palikuwa na madoa meupe, ya njano, moja lenye manyoya. Nilitazama mkono wangu, kisha kisahani, kisha mkono. Mzee yule, Papa Zihindula, laborantini mkuu wa wakati ule, yaani fundi wa maabara, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa enda unawe," akasema, "halafu uoshe zile chupa zote umeleta."

Niliosha chupa miaka mingi. Mnaonipita leo mkiwa na mashine ya kuoshea hamjui kwamba chupa iliyooshwa vibaya husema uongo, tena kwa sauti ya mtaalamu. Papa Zihindula alinifundisha kuosha mara tatu, kisha kuchemsha kwa mvuke ndani ya sufuria ile kubwa ya kufungwa kwa koki nne, ambayo tuliiita Mama Mkwe kwa sababu ilifoka na hakuna aliyethubutu kuifungua kabla ya wakati. Umeme ulipokatika tuliiweka juu ya makaa. Vyombo vilivyotoka humo vilifungwa kwa karatasi ya kahawia, na karatasi hiyo haikufunguliwa ila mahali pa kazi.

Aliponiona siwezi kukaa mahali pamoja, akanipa kazi ya kukusanya sampuli. Ilinifaa. Nilitembea Bukavu yote, kutoka Ibanda hadi Kadutu hadi Bagira, sanduku la barafu begani: maji ya bomba, maziwa ya ng'ombe, samaki, uji wa hospitali. Sheria yake ilikuwa moja, na aliisema kila asubuhi hata siku ambazo hatukuwa na mahali pa kwenda: "Kijiko kimoja, mahali pamoja." Maana yake, kijiko kilichogusa maziwa ya huyu kisiguse ya yule, hata kama unakiona kinang'aa. Kuna vitu ambavyo jicho halioni. Alikufa akiwa bado anaisema. Alilala wiki mbili, na nilipokwenda kumsalimia akaniuliza kama Mama Mkwe bado anavuja mvuke kwenye koki ya tatu. Nikamwambia bado. "Usimuamini," akasema.

Baadaye akaja Docta Aline. Wengine wenu mlikuja naye. Alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi na mashine ndogo kama simu ya mkononi, inayochomekwa kwenye kompyuta na kusoma vinasaba vya kidudu herufi kwa herufi. Zamani, tukitaka kujua kama bakteria wawili ni ndugu, tulituma mzigo kwa ndege na majibu yalirudi wakati kila mtu amesahau swali. Docta Aline alinieleza bila kunidharau. Kila bakteria ana kitabu ndani yake, alisema, kimeandikwa kwa herufi nne tu lakini mamilioni kwa mamilioni. Bakteria akizaa, kitabu kinanakiliwa, na mara moja moja mnakili anakosea. Ukilinganisha vitabu viwili na makosa ni mengi, hao ni watu wa ukoo mmoja waliotengana zamani. Makosa yakiwa moja au mawili, au hakuna, ni mapacha: wametoka chungu kimoja.

"Na mashine haiwezi kudanganyika?" nilimwuliza.

"Mashine inasoma kile unaipatia, tonton. Yenyewe haijue kile kimetoka wapi. Weye ndiye unajua."

Tonton, yaani mjomba, ndivyo alivyoniita. Alisema hivyo akiwa anatabasamu. Sijui kama anakumbuka.

Sasa jambo lenyewe. Katika kituo kimoja cha uzazi mjini, ambacho sitakitaja, watoto wachanga wawili walikufa ndani ya wiki moja. Walizaliwa kabla ya siku zao, wadogo kama njiwa. Wote walipata homa, wakakakamaa, wakaisha. Daktari alitutumia maji ya uti wa mgongo wa yule wa pili. Kwenye kisahani yakaota madoa ya njano, mazuri kwa kutazama. Ni bakteria ambaye anapenda maziwa ya unga ya watoto. Anaweza kukaa humo mkavu muda mrefu sana, kama mbegu, akingoja maji ya vuguvugu. Mtu mzima anamla na hajui. Mtoto aliyezaliwa wiki hii hana pa kujificha.

Docta Aline alinituma. "Anza na wodi, tonton, halafu ufuate maziwa mpaka kule yametoka."

Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika na makaa yalikuwa yameloa, kwa hiyo vijiko safi vilivyobaki kwenye karatasi vilikuwa viwili. Nilipaswa kungoja. Lakini mimi si mtu wa kungoja, hilo mnalijua.

Wodini nilitumia cha kwanza kuchukua mabaki ya maziwa ya unga kwenye kifuko cha mama wa mtoto. Ukutani, juu ya chupa ya maji moto, kulikuwa na kijiko cha kupimia kinachoning'inia kwa kamba kwenye msumari. Wodi nzima ilikitumia hicho. Muuguzi akaniambia kinaoshwa kila siku, akanionyesha na kitambaa cha kukaushia. Kwenye shingo ya kijiko, pale mpini unapoungana na kikombe chake, niliona mstari mwembamba wa njano, kama ukoko. Nikakikata kamba, nikakitia kwenye mfuko wa sampuli, nikaandika jina la wodi.

Maziwa yale ya kifuko yalinunuliwa sokoni kwa Maman Nabintu. Nilimjua. Nusu ya Bukavu ilimjua. Mama ambaye hana uwezo wa kununua kopo zima alikwenda kwake, akapimiwa vijiko viwili au vitatu ndani ya kifuko. Mwanamke mnene, mwenye kicheko kikubwa, kitambaa chake cha kichwa daima kimefungwa upande.

"Papa wa Mabomba!" akaniita, kwa sababu kila mara aliniona nikichota maji. "Leo umeacha maji, unatafuta titi?"

Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Nikamwambia nimekuja kuchukua unga kidogo kwa ajili ya maabara, kuna watoto wamekufa. Kicheko kikakatika. Nikatoa kijiko changu cha pili, nikafungua karatasi. Hapo watu walikuwa wameanza kukusanyika.

Hapa lazima nieleze kwa ajili ya wenzetu watakaosoma hii wakiwa mbali. Kwetu mtu akikupa kitu cha kunywa huonja kwanza yeye, mbele ya macho yako. Ni kwa sababu ya karuho, ile sumu ambayo kila mtu anaamini jirani yake anayo. Pombe huonjwa, maziwa huonjwa, hata maji ya mgeni huonjwa. Asiyeonja anaficha kitu. Basi Maman Nabintu aliona watu wanamtazama, na anayechukua ni mtu wa koti jeupe mwenye kijiko chake mwenyewe, kana kwamba anaogopa cha kwake. Kabla sijasema neno alikinyakua kijiko mkononi mwangu, akakijaza unga, akakilamba chote mpaka kikang'aa.

"Batu bote baone!" akasema kwa sauti. "Nimekula. Kama iko karuho, ikae mu tumbo yangu. Sasa pima, papa."

Akanirudishia kijiko kimeloa mate.

Mngefanya nini? Najua: mngerudi maabara. Mvua ilikuwa inashuka, kupanda kilima ni saa nzima, na kopo lake lilikuwa limebaki robo. Kesho lingekuwa limekwisha. Na ningemwambiaje mbele ya watu wote kwamba sitaki kijiko alichoonja? Wangesikia kwamba namshuku. Nilitafuta heshima yake, nami nikampatia kinyume chake. Nikaingiza mkono kwenye sanduku. Kijiko cha wodi kilikuwa humo. Nikakitoa mfukoni, nikakipangusa kwa pamba na matone ya mwisho ya alkoli, nikakiona kinang'aa. Nikachota. Kwenye daftari nikaandika: *kijiko safi*. Kijiko nikakirudisha kwenye mfuko wake.

Wiki mbili baadaye Docta Aline alituita wote. Mlikuwapo wengi. Kwenye skrini kulikuwa na mti wa ukoo wa vidudu, wenye matawi, na mwishoni mwa tawi moja majina matatu yaliyobanana: mtoto, kijiko cha wodi, kopo la Maman Nabintu. Hakukuwa na kosa hata moja la mnakili kati yao. Mapacha watatu. Kifuko cha mama wa mtoto hakikuotesha kitu, nasi tulisema unga ulikuwa kidogo mno. Ilikuwa mara ya kwanza jambo kama hilo kusomwa hapa hapa, si ng'ambo, na watu walipiga makofi. Kijiko cha wodi, walisema, kilichafuliwa na maziwa ya soko. Njia ilionekana wazi kama barabara iliyotiwa lami. Hata mimi nilipiga makofi.

Barua ikaandikwa, ikapelekwa kwa wakubwa. Watu wa usafi walikuja na petroli wakachoma meza yake, ila kopo lile, ambalo tangu siku ile hakuna aliyethubutu kununua kutoka kwake, walituletea kama ushahidi. Barua ilisema bakteria. Soko lilisikia karuho. Lile tendo la kulamba kijiko, ambalo lilikuwa limemsafisha, sasa likamgeukia: walisema alilamba kwa sababu alikuwa na dawa ya kujikinga. Walimpiga kwa viatu. Mume wake alimrudishia nguo zake kwenye mfuko. Sikuwapo. Nilihadithiwa na mwuza mkaa, naye alihadithia vizuri mno, kama mtu aliyefurahi kidogo.

Nilijipa maneno. Alkoli inaua. Pengine unga wake ulikuwa nao kweli. Pengine. Mimi ndiye mtu pekee katika jengo lile asiye na karatasi ya shule. Nikisema nilichofanya, mashine ya Docta Aline itachekwa, na mimi nitarudi kubeba sambaza. Niliyapanga maneno hayo kama chupa kwenye rafu. Yalikuwa yameoshwa vibaya.

Mwezi uliofuata mtoto wa tatu akafa katika wodi ile ile. Maman Nabintu alikuwa ameshaondoka mjini, maziwa yake mengine yamekuwa majivu. Docta Aline alisoma kidudu: pacha tena. Alikuna kichwa, akasema labda kuna familia ilificha maziwa yale nyumbani. Kila mtu akakubali, kwa sababu jibu lilikuwa tayari limepigiwa makofi.

Nilikwenda kituoni peke yangu. Nikamkuta muuguzi amening'iniza kijiko kingine kwenye msumari ule ule, na kitambaa kile kile cha kukaushia, kimekuwa kigumu kwa maziwa. Nikamwambia achome kitambaa, atupe kijiko, atupe chupa ya maji moto, kila mtoto awe na chombo chake na kichemshwe.

"Nani amesema?" akauliza.

"Mimi."

"Weye ni docta?"

"Mimi ni mwosha chupa. Fanya."

Alifanya. Hakuna mtoto mwingine aliyekufa hivyo pale. Nikajiambia nimelipa. Lakini nilikuwa nimemlipa asiyenidai. Yule aliyenidai alikuwa anazeeka mahali fulani na jina la muuaji, na mtoto wa tatu hakuhitaji kufa kama ningalisema ya kwangu siku ya makofi. Hilo sikulipangia maneno. Nililibeba miaka yote iliyobaki, nikichota maji, nikifunga vijiko kwenye karatasi. Mlishangaa kwa nini kila asubuhi nasema kijiko kimoja, mahali pamoja. Mlidhani ni uzee.

Siku ya mwisho, keki ilipokwisha, nilibaki na Docta Aline na kumwambia. Hakupandisha sauti. Alifungua kompyuta, akautazama ule mti, kisha akaenda kabatini. Kopo lenyewe la Maman Nabintu lilikuwa bado limehifadhiwa kama ushahidi, na hakuna aliyewahi kulipima, kwa sababu tulikuwa na sampuli yangu. Alilipima mara tatu, kazi ya wiki nzima. Hakikuota kitu. Akaniambia ukweli wote kama desturi yake: miaka imepita, vidudu hufa, kutoota si uthibitisho. "Ningelipima siku ile," akasema, "tungejua. Sasa hatutajua kamwe, tonton. Tunachojua ni kwamba hatukuwa na haki ya kusema."

Aliandika hivyo kwenye ukurasa mmoja, akapiga muhuri. Aliweka jina lake chini na nafasi ya jina langu. Niliandika polepole, kwa herufi za darasa la tano.

Asubuhi iliyofuata nilitoka. Sikujua anakaa wapi; nilisikia tu kwamba aliteremkia bonde la Ruzizi. Nikapanda gari la kwanza lililokuwa linajaza watu, likashuka mteremko mkali wa Ngomo huku kila abiria akisali kwa dhehebu lake, na kila penye watu wengi nilishuka nikauliza. Huko Luvungi, mwenye duka la mbegu akanielekeza kwa kidevu: "Yule mama wa sabuni?"

Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, nyuma ya shamba la mahindi. Mbele ya mlango kulikuwa na meza: sabuni, viberiti, betri, nyuzi. Hakuna kitu kinacholiwa. Alikuwa amekonda hata nikadhani ni mama yake. Kitambaa tu kilikuwa bado kimefungwa upande.

"Papa wa Mabomba," akasema. Hakucheka. "Maji ya hapa ni mubaya. Ulikuya kupima?"

Nikamwambia nimekuja kusema. Nikasema yote nikiwa nimesimama: vijiko viwili, kamba, pamba, *kijiko safi*, makofi. Alikuwa anachambua maharage na mikono yake haikusimama, ila nilipofika kwa mtoto wa tatu.

"Huyo wa tatu alikufa mimi niko hapa?"

"Ndiyo, maman."

"Kwa hiyo tangu siku ile ulijua."

"Nilijua."

Akarudi kwenye maharage. Nikamsomea barua. Akauliza kama ina muhuri, nikamwonyesha. Akaishika karatasi, akaipindua, akanirudishia.

"Hapa mutu hanijue muuaji," akasema. "Juu ya nini unanisomea hapa? Kaisome mu soko. Pale pale nililamba. Wakati wa saa sita, batu bakiwa benyi. Na useme jina yako."

"Watanipiga."

"Na viatu," akasema. "Inauma, lakini inapita."

Jua lilikuwa linashuka na magari ya kupanda Bukavu yalikuwa yamekwisha. Sikumwomba malazi, nilianza kutafuta kwa macho mti wa kulala chini yake. Akaingia ndani, akakaa muda. Akatoka na kikombe cha chai ya maziwa, akanyoosha mkono.

Hakuonja. Alikishika mbele yangu, amenikazia macho, midomo imefungwa, na mvuke ukapanda kati yetu. Jirani aliyekuwa akipalilia mahindi alisimama kutazama.

Nikakipokea kwa mikono miwili, nikanywa mpaka chini.

Akakichukua kikombe, akakichungulia ndani. "Mukeka iko nyuma ya maboksi ya sabuni," akasema. "Gari ya Bukavu inapita mapema. Usichelewe."

Nimekaa juu ya mkeka huo, boksi ndilo meza yangu. Mkitaka kunisikia nikisoma, njooni sokoni saa sita.